Jina Moja Pembeni mwa Picha

Sogeeni karibu. Mwenye simu aizime, na mwenye haraka ya kutoa hukumu aende zake nyumbani, maana kesi ya leo imenishinda mimi mwenyewe.

Pale Tanga, mitaa ya Ngamiani, walikuwapo wachoraji watatu waliopanga chumba kimoja kwa sababu hakuna aliyekimudu peke yake. Kila mmoja alijaliwa kipaji, na kila mmoja alijaliwa mdomo mchafu.

Shekalage, Msambaa wa Lushoto, alichora wanyama kwa rangi ya mafuta, ile ile tunayopaka milango. Tembo wake alijaa maua na madoadoa mwili mzima, na mtoto akimwona anacheka. Mtindo wa Tingatinga, mnaujua, naye aliuweza hasa.

Nakijwa, binti wa Kipare, alichora watu walivyo. Ukiwa na kovu, kovu lipo. Kuna mzee aliingia pale akaiamkia picha ya bibi mmoja, kisha akaona haya na kutoka nje.

Makame wa Pemba hakuchora mtu wala mnyama. Yeye alivuta rangi tupu kwa brashi pana, hujui unatazama nini ila moyo unakwenda mbio. Uchoraji dhahania, wenyewe wanauita hivyo.

Na walichukiana, jamani! Shekalage alimwita Nakijwa kamera mbovu. Nakijwa alisema Shekalage anapamba vibanda vya watalii. Wote wawili walielewana kwa jambo moja tu, kwamba Makame anapangusia brashi kwenye ubao na kuuita uchafu huo sanaa. Makame naye akawajibu kuwa ni wanakili tu, mmoja ananakili nyuso za watu, mwenzake ananakili tembo wake wa juzi.

Siku moja Shekalage alimaliza kuchora tembo kwenye ubao mpana. Tembo alipokauka, akauegemeza ubao dirishani, makusudi kabisa, akaziba mwanga wa Nakijwa, kisha huyoo akaenda kula.

Nakijwa alishika brashi yake akachora mama mzee ameketi chini, miguuni pa tembo yule, macho yamemtoka na uso umekunjamana. Alitaka Shekalage ajue kwamba tembo wake anatia kinyaa.

Shekalage aliporudi, matusi yaliyotoka humo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Katika kusukumana wakapiga teke kopo la Makame, rangi nyekundu ikamwagika sakafuni. Makame akaizoa kwa brashi, akaitia nyeusi kidogo, akaufuata ubao na kuupaka katikati kwa nguvu zake zote. Tembo akabaki jicho, pembe na mguu mmoja. Mama akabaki uso na mikono.

Wakiwa wameshikana mashati, akaingia Bi Zulekha wa Mombasa. Huyu ana nyumba ya maonyesho, ananunua picha za kila mtindo, na haogopi kumwambia mchoraji kazi yake mbovu. Aliwapita bila salamu, akasimama mbele ya ubao, na machozi yakamtoka.

"Mama huyu nyumba yake inaungua," akasema, "na kitu alichokipenda tangu utotoni kinatoka humo motoni kuja kumkanyaga."

Wale watatu wakaachiana mashati. Bi Zulekha akawaambia picha anainunua, na mchoraji wake atampa chumba juu ya nyumba yake, mwaka mzima, akae achore peke yake. Peke yake! Neno hilo liliwaingia wote. Jina la mchoraji liandikwe pembeni, aondoke naye leo. Lakini jina moja.

Wakauliza kwa nini moja.

"Chumba ni kimoja," akajibu. "Na nyinyi watatu nimeshawaona mkiwa chumba kimoja."

Shekalage akasema ubao ni wake, tembo ni wake, na hawa wengine walikuja kuharibu tu. Nakijwa akasema tembo wa namna ile wamejaa mjini na hakuna aliyewahi kuwalilia. Bi Zulekha alilia alipouona uso, na uso ni wa mkono wake yeye Nakijwa. Makame akasema, "Mie nilikuta picha mbili zinagombana. Moto huo unaowaliza watu niliutia mie."

Bi Zulekha aliwasikiliza akaona kila mmoja ana haki. Ondoa tembo, mama anaogopa nini? Ondoa mama, moto unamchoma nani? Ondoa moto, umebaki na bibi aliyenuna. Basi akawauliza nani yuko tayari kuacha jina lake ili picha ipone.

Hakuna. Shekalage aliokota kisu, akasema heri amkwangue tembo wake. Nakijwa akamwambia aanze, yeye atamalizia na mama. Makame akashika kopo la rangi nyeusi. Hawakuwa wanatania.

Bi Zulekha akasimama kati yao na ubao. "Rudini nyuma. Jina nitaandika mimi." Akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akainama. Brashi ikaishia hewani, maana yule ambaye angemwandika angeondoka naye jioni ile, na wawili ambao wangebaki angewaacha humo humo, pamoja, na kuufunga mlango.

Usiniambie aandike yote matatu. Amekataa, na mimi nakataa. Usiniambie asinunue, maana akitoka tu, kisu kinafanya kazi.

Haya, wewe uliyekaa mbele, shika brashi. Unaandika jina la nani? Na wale wawili, utawaambia nini kabla hujafunga mlango?