Vibandiko vya Mwalimu Korongo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na simu na nyie hata kwenye ndoto hammo! Nyamazeni basi. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini kwa kusimulia hakuna mwalimu wenu anayenifikia.

Mwalimu Korongo alibandika vibandiko vitatu shuleni, vile vya mraba vyenye vidoa vyeusi. Ukiskani kimoja kwa simu, ti! sauti yake inakuambia uende wapi. Aliweka sauti kwa ajili ya Kiboko, ambaye kusoma kulimtoa jasho.

"Fuateni sauti, mwisho wa msako mtanikuta mimi," aliwaambia wanafunzi wake, Kiboko, Nyati na Nguchiro, akatoka.

Kiboko akamnong'oneza Nguchiro, "Kaka, jana nimeandika jina langu lote. Ona karatasi! Nikifika namwonyesha Mwalimu."

"Wewe na tumbo hilo? Utafika mwakani!"

Kibandiko cha mlangoni kikasema, "Nendeni jikoni." Kiboko na Nyati wakaondoka, pu! pu! pu! Nguchiro akabaki nyuma, akakibandua, kwaruu! Kisha fyuu! akawapita. Jikoni sauti ikamtuma kwenye tangi la maji. Kwenye tangi akaskani.

"Nendeni getini, wanangu, kwa sababu..."

"Sababu baadaye!" Akaikata sauti, akakibandua kile cha tangi, akabandika pale cha mlangoni.

Basi wale wakubwa wakifika kwenye tangi: "Nendeni jikoni." Wakifika jikoni: "Nendeni kwenye tangi." Pu! pu! pu!

"Nyati, hapa si tumeshapita?"

"Mwalimu hakosei. Twende!"

Getini Nguchiro akamkuta Mwalimu na kifurushi chake. Juu, korongo wenzake wanazunguka, wanamwita.

"Wa kwanza mimi! Zawadi yangu?"

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja."

"Kwani hukusikiliza mpaka mwisho? Leo nahama, mwanangu. Kundi halinisubiri. Na Kiboko je?"

Nguchiro akageuka, akakimbia kuliko siku zote. "Kiboko! Nyati! Getini! Getini!"

Walipofika, angani kulikuwa na vidoa vyeusi tu, kama vya kibandiko.

Kiboko akainua karatasi. "Mwalimu! Nimeandika! Lote!" Wino ulikuwa umeshachuruzika kwa jasho, jina halisomeki.

Hakuna aliyemtukana Nguchiro. Hilo ndilo lililomuuma. Akatoa kile kibandiko cha tangi alichokuwa amekificha, akamwekea Kiboko miguuni.

Ti! "Nendeni getini, wanangu, kwa sababu leo nahama, na sitaki kuruka kabla sijamshika mkono kila mmoja wenu."

Kiboko akaskani tena. Ti! Na tena. Ti! Mpaka simu ikaisha chaji, wakabaki wamekaa pale getini, wakubwa kwa mdogo.

Mimi nimeishia hapo, nyie bebeni hili: ukimpotezea mwenzako njia, unampotezea na yule aliyekuwa akimwendea.