Ini la Ng'ombe wa Tano

Hapo zamani, si zamani za babu zetu bali zamani ambazo machozi yake bado hayajakauka, palikuwa na mjane kijijini Igunhya, jina lake Mbuke. Mumewe alimwachia ng'ombe sita. Wakaanza kukonda mmoja mmoja, wakaharisha, wakavimba chini ya taya, wakafa. Mbuke aliwalilia kama watu, wala hakuona haya.

Kijiji hicho kilikuwa na mwiko. Ng'ombe akichinjwa na ini likaonekana bovu, mchinjaji hulifunika kwa majani akalifukia kimya kimya, maana ini bovu ni aibu ya nyumba. Wa kwanza, ini likafukiwa. Wa pili, likafukiwa. Wa tatu na wa nne, yakafukiwa. Aibu ilifichwa vizuri, na ugonjwa ukafichwa humo humo.

Wa tano alipoanguka, alibaki Madoa, ng'ombe wa sita, peke yake, mwenye mimba changa, na taya lake limeanza kuvimba. Mbuke akasema mbele ya majirani, "Atakayeniponyea Madoa, ndama atakayezaliwa ni wake."

Luhende mchinjaji, rafiki wa marehemu, akamchinja yule wa tano. Ini hakulifunika. Alilipasua mbele ya watu, na minyoo bapa, mfano wa majani madogo, ikatoka ndani. Wazee wakamnyang'anya kisu siku hiyo hiyo, wakampiga marufuku kuchinja maisha yake yote. Kisu hicho ndicho kilichomlisha.

Kwa sababu ya ini lile, akaitwa bwana mifugo, Ndelwa. Akampima Madoa kifua kwa kamba, ajue uzito wake, akamnywesha dawa. Akawaeleza kwamba minyoo ile hukulia kwanza ndani ya konokono wadogo wa bondeni, kisha hujibandika kwenye majani mabichi, ng'ombe akayala. Akasema pia kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa tu, kwa hiyo lazima arudi michanga ikishakomaa. Siku ya kurudi mto ulifurika. Alivuka maji yakimfika kifuani, dawa kaishika juu ya kichwa.

Limi, mkamwana wa Mbuke, aliyasikia ya konokono. Akamfunga Madoa nyumbani asishuke bondeni. Kila siku akapanda kilimani kukata majani, kila siku akachota maji kisimani, hadi Madoa akazaa. Limi naye alikuwa mjamzito. Mimba yake iliharibika kwenye mteremko ule, mzigo wa majani ukiwa kichwani. Hakumwambia mtu, lakini Mbuke alijua.

Madoa akazaa ndama jike, mzima. Luhende na Ndelwa wakaja kwa Mbuke kudai ndama.

Luhende akasema, "Shemeji, nisingelipasua ini, mngempa Madoa dawa gani? Mngefukia la sita. Leo sina kisu."

Ndelwa akasema, "Mama, kuuona ugonjwa si kuuponya. Minyoo ilikufa kwa dawa yangu."

Jirani mmoja akanung'unika kwamba bwana mifugo ana mshahara. Ndelwa akamjibu taratibu, "Mshahara naupata nivuke mto nisivuke."

Limi alikuwa amechuchumaa, akimfuta ndama kwa khanga yake. Akasema, "Mama, Madoa angerudi bondeni, angekula tena majani yenye minyoo. Lakini mimi sidai. Ila usiniambie nimfunge mimi ndama huyu kamba ya kumpeleka kwingine."

Mbuke akamfunga ndama kamba kwa mikono yake mwenyewe. Moyo ulimuuma, kwani alitamani abaki naye, lakini ahadi ni deni. Akamtazama aliyepoteza kisu. Akamtazama aliyevuka mto. Mkamwana wake, Mbuke hakuweza kumtazama.

Nanyi mlioketi hapa, msiniulize mimi, kwa maana nami sijapata usingizi kwa jambo hili. Je, kamba ile ilistahili mkono wa nani?