Mtungi Uliofunguliwa kwa Ufa Wake

Hapo zamani, na msidhani ni zile zamani za sungura na fisi, maana hawa ninaowasimulia wangali hai na mpaka leo wamenuniana, palikuwa na chuo cha sanaa juu mlimani. Chuo hicho kilikuwa na desturi yake. Kila mwaka wahitimu walipofanya maonyesho, kilichapishwa kitabu cha picha za kazi zao, wenyewe wakikiita katalogi. Na yule ambaye kazi yake ilipamba jalada alipewa ufunguo wa chumba cha juu, akae humo mwaka mzima, afanye sanaa yake, ale kwa chuo, asiulizwe kitu. Wengine wote walifunga virago wakarudi makwao.

Mwaka huo kutengeneza katalogi, jalada na yote, aliachiwa Sikudhani, binti wa Korogwe aliyesomea usanifu wa vitabu. Aliachiwa, nasema, kama unavyoachiwa vyombo baada ya karamu. Kwao alikuwa akingojwa na duka la vitenge la shangazi yake, na alijua vizuri kuwa akishaingia nyuma ya meza ile hatatoka tena. Kwa hiyo ule ufunguo aliutaka. Aliutaka sana.

Akapanga kurasa, kila mhitimu na ukurasa wake. Alipofikia jina lake akamwuliza mkuu wa chuo, Mwalimu Kanyama, ukurasa wake auweke wapi. Mwalimu akacheka. "Wewe ukurasa wa nini, binti? Kazi yako si ndiyo hii katalogi yenyewe?" Sikudhani akajitoa kwenye orodha ya kurasa. Lishikeni neno hilo, msilidondoshe, tutalihitaji.

Sasa palikuwa na Bupe, mfinyanzi kutoka Ziwa Nyasa, mama yake mfinyanzi na bibi yake mfinyanzi. Bupe alifinyanga mtungi mkubwa wa kumfika kiunoni, akautia tanurini. Ulipotoka ulikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Bupe alilia. Kwao mtungi wenye ufa haonyeshwi mtu, hata jirani. Akaubeba akautupa nyuma ya tanuri penye vigae, na badala yake akaandaa bakuli dogo la maonyesho.

Palikuwa pia na Mbelwa, mpiga picha. Asubuhi moja alipita penye vigae, akaona jua linaingia mtungini na kutokea kwenye ufa. Akachuchumaa pale kwenye taka, nguo zikachafuka majivu, akangoja mpaka mwanga ule ukawa mstari mmoja mwekundu. Akapiga. Lakini alipoitazama picha baadaye haikumpendeza, kwani upande mmoja ulimezwa na kivuli. Akaitia katika rundo la picha zisizofaa, akamkabidhi Sikudhani zote pamoja.

Bupe alitupa. Mbelwa aliacha. Sikudhani akaokota.

Akaikuza ile picha, kile kivuli akakikata, akabuni jalada la mbawa mbili zinazokutana katikati kama milango ya nyumba, na pale zinapokutana ndipo akaupitisha ufa. Ukilifunga jalada, mtungi ni mzima, una ufa wake tu. Ukizivuta mbawa, mtungi unapasuka mikononi mwako, na tumboni mwake mna majina ya wahitimu. Wazee walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu hakuziba wala hakujenga, aliutia mlango. Mashine ya kiwanda cha kuchapa haikuweza kukunja hivyo, basi majalada yote akayakunja mwenyewe, akikaza kila kunjo kwa mgongo wa kijiko mpaka vidole vikaota malengelenge. Ila kumwuliza Bupe, hakumwuliza. Alijua angekataa.

Siku ya maonyesho wageni walifungua na kufunga, wakafungua na kufunga. Picha za ukutani hakuna aliyezijali. Wakataka kuuona huo mtungi wenyewe, na Mwalimu Kanyama akatuma watu wakauchukue kule ulikotupwa. Ukafutwa vumbi, ukawekwa mezani. Wageni wakautazama. "Ndio huu?" wakaulizana, kisha wakarudia katalogi zao.

Mwalimu akasimama na ufunguo akamwita Bupe, kwa kuwa kazi iliyo juu ya jalada ni mtungi wake. Watu wakapiga makofi. Bupe alikuja amekunja uso.

"Mmeianika aibu yangu mbele za watu bila kuniuliza," alisema. "Sasa aibu imesifiwa, na sifa nayo ni yangu. Udongo niliuchimba mimi, ufa niliulilia mimi. Kama si zawadi, basi nipeni ufunguo kuwa fidia."

Mbelwa akainuka. "Mtungi wako ule pale mezani, Bupe. Nani anautazama? Watu wanatazama jua lililo ndani ya ufa, na jua lile nililingoja mimi, nimechuchumaa takani."

Sikudhani naye akainuka. Aliyaondoa macho kwenye ufunguo, akamkazia Mwalimu.

"Nilipoomba ukurasa uliniambia kazi yangu ni katalogi," alisema. "Leo ni siku ya ufunguo, na katalogi imekuwa kapu la kubebea kazi za wenzangu. Mwalimu, chagua moja. Mtungi aliutupa mwenyewe, picha aliiacha mwenyewe. Mimi peke yangu sikutupa kitu."

"Hukutupa," Bupe akamjibu polepole. "Ulichukua. Kuchukua cha mtu aliye hai bila kumwuliza, kwetu kuna jina lake."

Neno hilo lilimchoma Sikudhani, akaisogelea meza. Mgeni mmoja akashauri wakae wote watatu. Akaambiwa chumba kina kitanda kimoja, na desturi haijawahi kuwajua wawili. Na Mwalimu Kanyama, aliyelianzisha hili kwa kucheka, mnajua alifanya nini? Aliutia ufunguo ndani ya katalogi, akazifunga mbawa mbili, mtungi ukawa mzima. Akaiweka mezani akaenda kunywa chai. Msomi mzima, na mvi zake, chai! Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke lake akiwa amesimama palepale, hakimbilii chai.

Mimi nina hasira, na mwenye hasira hafai kuhukumu. Nyinyi mliokaa mkanisikiliza mmetulia, basi amueni. Ufunguo umo mle ndani na watatu wameizunguka meza: Bupe aliyeumba akatupa, Mbelwa aliyengoja akaacha, Sikudhani aliyeokota asiulize. Je, ni mkono wa nani unaostahili kuzivuta zile mbawa?