Gogo Lililoitika Hodi

Paukwa! Mbona mnaitika kinyonge hivyo, hamjala? Paukwa! Ee, hapo sawa. Mimi sikuwapo, nyinyi ndiyo kabisa. Zamani hizo hata bibi wa bibi yangu alikuwa hajaota jino. Nyamazeni basi, na wewe acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale, juu kwenye uwanda wa mipingo, palikuwa na kijiji cha wachongaji. Wanachonga asubuhi, wanachonga jioni, vumbi la mpingo wanalila na ugali. Nao walikuwa na adabu ya kazi. Mchongaji hatii tezo kwenye gogo kabla ya kubisha. Anagonga kwa mpini: hodi! Anagonga tena: hodi! Mara ya tatu: hodi! Kimya? Gogo ni tupu, chonga. Likiitika, unalirudisha porini, unaliweka chini taratibu, na hugeuki nyuma. Mmesikia? Hugeuki.

Basi alikuwapo Likumbu, fundi wa sura. Akikuchonga wewe, mama yako anakitengea kinyago chakula. Mkewe, Nankunda, alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, akamwachia binti mmoja, Somoe. Somoe alikuwa msichana mkubwa, ndiye aliyesugua vinyago vya baba yake kwa majani ya msasa mpaka ving'ae. Lakini kilichomtesa Likumbu ni hiki: sura ya mkewe ilikuwa inamtoka. Leo amesahau nyusi, kesho amesahau kidevu. Yeye, fundi wa sura! Iliuma, wajukuu zangu. Iliuma sana.

Siku moja, jua la utosi, uani hata kuku hayupo, akalaza gogo jipya. Hodi! Kimya. Hodi! Kimya. Hodi!

"Karibu, baba Somoe."

Sauti ya Nankunda.

Mngefanya nini nyinyi? Usinijibu wewe, najua ungekimbia. Likumbu aliijua adabu ya kazi. Lakini aliijua pia adabu ya watu: ukikaribishwa, huondoki mlangoni. Hapo ndipo alipokosea. Akasema, "Ahsante, mke wangu, naingia," akashika tezo.

Kama alikuwa mkewe kweli, au kitu kilichojifunza kusema kama mkewe, mimi sijui. Msiniulize.

Akachonga, akachonga. Ikatoka pua, pua ya Nankunda hasa. Kesho yake Somoe akaunguza mboga, hakusikia harufu. "Mafua hayo," baba yake akasema, bila kuinua kichwa. Akachonga, akachonga. Yakatoka masikio. Somoe akawa haitiki akiitwa, anasugua tu. "Umeninunia, mwanangu?" baba yake akauliza. Akachonga, akachonga. Yakatoka macho, na yale macho yakamtazama.

Mchana huohuo Somoe akaja uani akipapasa ukuta.

"Baba, uko wapi? Mbona jua limezimika?"

Likumbu akainua kichwa, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile. Uso wa Somoe ulikuwa unafutika. Pua imelala, macho yamelala, kote laini kama ubao uliosuguliwa.

Gogo likasema, "Usimwangalie huyo. Umebakiza mdomo tu. Nichongee mdomo nitoke, tule pamoja kama zamani."

"Na Somoe?"

"Somoe yupi?" gogo likauliza.

Mama gani huyo? Niambieni, mama gani anauliza hivyo?

Likumbu akasema, "Nisamehe." Alimwambia nani, sijui. Akaishusha tezo katikati ya ule uso alioupenda kuliko kazi zote za mikono yake. Gogo likapasuka kwa kilio cha mwanamke, kijiji kizima kikasikia. Na Somoe akasikia! Akashtuka, akapiga chafya, akafikicha macho.

"Baba, nani analia?"

Vipande vile Likumbu alivipeleka porini mwenyewe, akaviweka chini, hakugeuka nyuma. Lakini hakurudi kama alivyokwenda. Sura ya Nankunda ilikuwa imemtoka yote, haikubaki hata mahali nywele zilipoanzia. Akakaa kwenye kigoda chake akilia kama mtoto.

"Mama yako alikuwaje, Somoe? Nimemsahau. Nimemsahau kabisa."

Somoe akapiga magoti, akamshika mashavu kwa mikono yake yenye vumbi.

"Niangalie, baba. Si watu wote wanasema nimefanana naye? Niangalie mimi."

Akamwangalia. Akalia, akamwangalia tena. Siku ile hakuchonga kitu.

Nanyi mnaonichorea ukuta kwa mkaa, msidhani sijawaona. Choreni, chongeni, finyangeni mpaka mchoke. Lakini kazi ikianza kumla mtu aliye hai nyumbani mwako, iache. Hata ikiwa nzuri kupita zote. Hasa ikiwa nzuri kupita zote.

Kisa changu nimekitua. Utamu wake gawaneni, hofu yake niachieni mimi, nimeshaizoea.