Ukuta kati ya Tanuri na Kitanda

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la mikate, na nyuma ya ukuta wa tanuri alikuwa na mama yake. Jina la mtu huyo Mwadime. Mama alikuwa amezeeka hadi mifupa haishiki joto tena, ndiyo maana mwanawe alimwekea kitanda pale, mgongo ukutani, apate vuguvugu la mikate. Lakini biashara ikakua, tanuri likajengwa upya, kubwa zaidi, na vuguvugu likageuka moto. Rangi ya ukuta ikaanza kubabuka upande wa kitanda. Ikabidi kitafutwe kitu cha kuzuia joto.

Kwa Mwadime palikuwa na kibarua wa kubeba unga, Mkawasi, mwenye digrii ya ujenzi aliyoikunja ndani ya Biblia. Miaka minne alikuwa ametuma barua za kazi. Waliomjibu ni wawili: mmoja alimtaka awe na uzoefu wa miaka mitano, mwingine alimwalika chakula cha jioni.

Mkawasi aliijua dawa ya ukuta ule. Alikwenda kwenye jengo moja kubwa walikokuwa wanamaliza kazi, akaomba mabaki, akarudi na viroba vya mawe meusi, mepesi kama mkate mkavu, yaliyojaa vitundu. Akaeleza kwamba hicho ni kioo. Ni chupa zilizovunjika zikatupwa, zikaokotwa, zikasagwa na kuchanganywa na vumbi la makaa, zikaumuka motoni vile unga unavyoumuka, na kila povu likafungia pumzi yake ndani. Maji hayapenyi, panya hatafuni, na moto mawe hayo hayauogopi, maana humo ndimo yalimozaliwa.

Mwadime akataka kuona. Mkawasi akashika msumeno, akakata jiwe moja, na palipokatwa pakatoka harufu ya yai viza. Ilikuwa ile pumzi tu, hutoka mara moja ikaisha. Lakini wachoma mikate waliziba pua wakicheka, mmoja akauliza kama hiyo ndiyo digrii ikifunguliwa. Mwadime hakucheka. Tangu enzi za baba yake aliamini kwamba uvundo ukiingia kwenye nyumba ya mikate huua hamira na baraka pamoja. Akaamuru mawe yakajengee banda la kuku.

Kesho yake akaja mchuuzi mwenye viatu vya kung'aa, na mabamba meupe ya povu la plastiki. Mabamba hayakunuka. Yalikuja na karatasi yenye muhuri wa buluu, imeandikwa certified, yaani imethibitishwa, na hakuna aliyeuliza ni certified na nani. Mkawasi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba plastiki na tanuri havikai nyumba moja. Mwadime akamtazama bila hasira, akamkumbusha kwamba pale getini wapo wengine watatu wenye digrii, wanasubiri kubeba unga. Kisha akamnyooshea mwiko wa uashi, maana alijua mikono yake ni mizuri. Na Mkawasi akaupokea.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Mkawasi. Aliyapanga mabamba mwenyewe, akayapiga plasta laini kuliko plasta yoyote ya mji ule. Na kila alfajiri, kabla ya gunia la kwanza, aliingia kwa bibi, mama yake Mwadime, kama anayekwenda kumwamkia, akaweka kiganja ukutani. Wiki ya kwanza ukuta ulikuwa baridi, na kila mtu akamsifu mchuuzi. Wiki ya tatu ulikuwa na uvuguvugu. Baadaye plasta ikawa inabonyea kidogo ukiigusa, kana kwamba nyuma yake hapakuwa na kitu tena. Akamsihi bibi ahamie upande wa dirishani. Bibi akamcheka, akamwita mjukuu wangu mwoga, akasema usingizi wa uzeeni haupandikizwi kama mche. Mkawasi hakumwambia sababu. Kusema sababu kungekuwa kumtaja aliyejenga. Akajiambia atasema kesho, na kesho hiyo akaiahidi kwa siku kumi na moja.

Sikukuu ikakaribia, tanuri likawaka siku mbili bila kupumzika. Siku ya pili, adhuhuri, Mkawasi akiwa na gunia begani, aliona moshi mweusi ukitoka chini ya mlango wa bibi, polepole, kama mgeni asiye na haraka. Hakuna aliyekuwa amesikia chochote. Alitupa gunia, akaingia akipapasa, akambeba bibi mgongoni hadi uani. Watu wakampepea kwa magunia matupu, wakamwita kwa jina lake la usichana. Mkawasi aliweka sikio kifuani pake akasikiliza, akasikiliza, mpaka wakamwondoa kwa nguvu na kumfunika bibi kanga usoni.

Mwadime akaja, unga ungali mikononi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akamwambia. "Mbona uliujenga?"

Mkawasi alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

Basi ninyi mnaosikiliza, msihangaike kuuliza mchuuzi alikwenda wapi, wachuuzi huenda. Mwenye tanuri aliambiwa akapuuza, na mwenye mwiko alijua akajenga: ni yupi kati yao aliyewasha moto ule?