Bado ya Namkunda

"Bado si sitaki." Vijana waliokuwa wakipukuchua mahindi pamoja na Bibi Nanzia walimsikia akisema hivyo, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akawaambia ulianza hivi.

Kule milimani Upare aliishi mchonga mizinga ya nyuki aitwaye Mrindoko. Mkewe alikuwa amefariki, na upweke ulimchosha. Akampenda Namkunda, mjane mfinyanzi wa ng'ambo ya bonde, akaenda kumposa. Namkunda hakuinua macho kwenye chungu alichokuwa akikilainisha. Akasema, "Bado."

Mrindoko akarudi amenyong'onyea. Kwao, kumwambia mtu hapana usoni ilikuwa kama kumpiga kofi, kwa hiyo watu walisema bado hata kwa jambo lisilotarajiwa kamwe. Kikongwe asiye na jino akiulizwa kama ameongeza mke, alijibu, "Bado, mwanangu."

"Umekataliwa kwa adabu, kaka," alisema mdogo wake, Senzota. "Twende kwa Mchomvu, ana binti."

Mrindoko akakubali shingo upande. Siku ya posa wakajitwika pombe, wakashika njia. Walipofika karibu na kwa Namkunda, miguu ya Mrindoko ikawa mizito. Akatua mtungi, akaenda hadi mlangoni.

"Namkunda, bado yako ni bado ipi? Ya adabu au ya kweli?"

Namkunda akafuta udongo mikononi. "Ningekuwa sitaki, ningesema sitaki. Mama mkwe wangu hajiwezi, na hana mwingine wa kumlisha. Nitamwachaje?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nilisema neno moja tu, ukageuka ukaenda zako."

Aibu na furaha vikamjaa Mrindoko kwa pamoja. Kisha akasema, "Basi njoo naye. Nitamjengea chumba upande wa jua."

Kutoka ndani sauti ya kizee ikaita, "Mwambie mlango uwe mpana, nami nimekubali!"

Senzota, aliyekuwa akingoja njiani, alipoelezwa alicheka hadi akakaa chini. Pombe iliyokuwa ipelekwe kwa Mchomvu ikanywewa pale pale, na bibi kizee akaomba aongezewe. Mavuno yalipokwisha Namkunda na mkwewe walihamia kwa Mrindoko.

Tangu hapo, kijana akirudi kutoka posani uso umemshuka, Senzota humuuliza kwanza aliambiwa nini hasa. Akisikia ni bado, humgeuza mabegani na kumrudisha alikotoka: "Nenda kaulize vizuri. Bado si sitaki."