Maji ya Mama Mwakibete

Sikilizeni, wavivu nyie; ngano hii hakuna aijuaye kunishinda! Bwawani palikuwa na Zimwi. Likinywa maji, kijiji chote kinawaka taa. Ada ilikuwa mashamba yanywe kwanza, ndipo Zimwi. Mwakibete alishika lango la maji. Mama yake alilima mpunga bondeni.

"Leo nianze mimi, harusi yako ing'ae," likasema Zimwi. Akalifungulia.

Mama akalia, "Mwanangu, majaruba yamepasuka!"

"Vumilia, mama, tunacheza."

"Nianze tena, ngoma ikolee," likasema Zimwi. Akalifungulia.

"Mwanangu, hata kisima kimekauka!"

"Kesho, mama."

Kesho yake Zimwi likanong'ona, "Mama yako kafa kwa kiu. Nianze mimi, msiba ung'ae."

Akalifungulia. Taa zikawaka kama mchana. Wakatafuta maji ya kumwosha mama. Hata kata moja haikupatikana.

Haya, ngano imekauka. Kanyweni maji, kama mmebakiziwa.